Ati "nimekuongezea mafuta"!!! Huyu fundi atatuua

ChumaChaKale:
Wakuu, simtaji jina. Yule wa gereji za Grogan, Nairobi, mnamjua, nusu ya jukwaa hili imelia kwake. Land Rover Series III, geji ya mafuta na ya joto zote zimelala chini. ZOTE MBILI! Hata kuku wa Kariokor anajua zikilala pamoja huendi kwenye tangi, unaenda kwenye stebilaiza nyuma ya dashibodi, kale kadude ka bati kanakoshusha umeme wa geji, B unaingia, I unatoka. Yeye kakang'oa, akaunga waya wa kijani moja kwa moja na ule wa kijani hafifu wa kwenda kwenye geji. Tangi lina robo, sindano ikapita nusu. Akacheka: "Mzee, ona, nimekuongezea mafuta."

NIMEKUONGEZEA MAFUTA! Geji za volti 10 anazipa 12, na injini ikinguruma ni 14! Ya joto nayo ikagusa nyekundu, papo hapo akataka kuniuzia rejeta. Lakini hiyo ya rejeta namsamehe. Ati ameniongezea mafuta!

SpanaKumi:
Mpe namba yake Waziri wa Kawi, bei itashuka kesho 😂

Waya_Mwekundu:
Tulia mzee. Ile bati ya stebilaiza lazima iguse ethi, yaani bodi ya gari. Ikikosa ethi haizimi, inapitisha 12 muda wote na geji zote zinapanda. Kwa hiyo zote juu: piga msasa pale skrubu inapokaa. Zote chini: pima pale I kwa mita ya sindano, ya dijitali itakuchanganya. Ikirukaruka ni nzima, ikikaa sifuri na B ina umeme, imekufa. Weka 7810, kale kadude ka kielektroniki ka miguu mitatu kanakotoa volti 10: mguu wa kwanza umeme wa swichi, wa kati ethi, wa tatu geji. Ifunge kwenye bati la gari, inapata moto.

ChumaChaKale:
Hayo najua! Swali langu ni moja: mtu mzima anasemaje ameniongezea mafuta?

SpanaKumi:
Unajua yote na bado ulimpelekea. Lipa ada ya shule.

Mama504:
Fundi wangu wa Peugeot 504 ni mbaya zaidi. Sensa ya joto kaizungushia tepe ya mabomba mpaka nyuzi zote zikafunikwa, ethi ikakatika, sindano haiamki. Akasema ni baridi ya Limuru! Jamani, chomoa waya wa sensa, uguse kwenye bloku ya injini sekunde chache tu, usiache, utachoma geji. Sindano ikipanda, geji na waya ni vizima, tatizo ni sensa au ethi yake.

BeetleYaBuluu:
Afadhali nyinyi. Mimi fundi kanibadilishia spidomita nzima ya Beetle, kumbe kebo tu. Ncha yake ya mraba inatokea kwenye kifuniko cha gurudumu la mbele na kushikwa na kipini kidogo. Kipini kapoteza. Thika Road nzima naenda kilomita sifuri.

SpanaKumi:
Waambie hivyo polisi wa kamera.

BeetleYaBuluu:
Polisi gani, hiyo gari haifiki hata themanini.

ChumaChaKale:
Wakuu, turudi kwenye mafuta…

Mama504:
Kuna mtu ana bampa ya mbele ya 504?

Waya_Mwekundu:
Ya pikapu au ya steshenwagoni?