Simu zililia usiku kwa ajili ya tonado. Mliokuwa Bowling Green 2021, tufanye nini?

Mgeni_KY
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Tumefika Bowling Green, hapa Kentucky, Marekani, mwaka huu tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Juzi usiku simu zote ndani zililia kwa mpigo, sauti ya kutisha, watoto wakaruka kitandani. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, kumbe ni tahadhari ya tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama nguzo kutoka mawinguni hadi ardhini. Tulikaa sebuleni tu tunasali mpaka mvua ikapungua. Asubuhi jirani akaniambia kuna watu walikufa hapa mjini mwaka 2021. Ni kweli? Na zikilia tena twende wapi? Sisi tuko ghorofa ya pili, binamu yangu anaishi kwenye trela, zile nyumba nyepesi za kuhamishika.

Mama Furaha
Marahaba mwanangu, karibuni sana. Ni kweli. Ilikuwa Ijumaa kuamkia Jumamosi, tarehe 11 Desemba. Mchana wake kulikuwa na joto ambalo si la Desemba kabisa, watu tunatembea bila makoti, hewa nzito. Joto lile lenye unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Mexico. Likikutana na baridi ya kaskazini, na juu kuna upepo mkali, mawingu huanza kuzunguka. Mpaka leo nikiona joto la namna ile katikati ya majira ya baridi, silali kabla sijaangalia utabiri.

Mayfield, mji mwingine wa Kentucky, walipigwa mapema, kama saa tatu na nusu usiku. Tonado ile moja ilikwenda ardhini zaidi ya kilomita 260 na kuua watu 57. Yetu ilikuwa nyingine, ya daraja la EF3 (nguvu ya tonado hupimwa kuanzia EF0 hadi EF5), ikafika baada ya saa saba usiku, mji umelala. Warren County hii, yaani wilaya yetu ya Bowling Green, tulizika watu 17. Walioumia zaidi ni mtaa wa Creekwood, barabara ya Moss Creek: watoto wadogo, familia za wahamiaji waliokimbia vita kwao kama sisi tulivyokimbia. Naumia hata kuandika.

Kulipokucha nilipita kuwatafuta watu wetu. Ile sufi ya rangi ya waridi inayowekwa ndani ya kuta ilikuwa imetapakaa juu ya miti, na gesi inanuka kila mahali. Nyumba moja haikuwa na paa wala sebule, lakini bafu la katikati limesimama, taulo bado liko kwenye ndoano yake. Kwa hiyo ukiniuliza mwende wapi, nakwambia: chumba cha katikati, chini kabisa, kisicho na dirisha. Bafu, stoo, au chini ya ngazi. Wiki hii hii nenda ukaongee na jirani wa chini, mkubaliane kwamba simu zikilia mnateremka kwake, saa yoyote. Kila mtoto avae viatu, maana baadaye ni vioo na misumari mitupu, na kama wana helmeti za baiskeli wavae. Habari ya kufungua madirisha ili upepo upite, achana nayo, haisaidii kitu.

Binamu yako asisubiri simu ilie. Trela haihimili tonado hata ikifungwa kwa nyaya. Huwa kunatangulia tangazo la saa kadhaa kabla, TORNADO WATCH, maana yake hali ya hewa inaruhusu. Hapo ndipo abebe watoto aje kwenye nyumba ya matofali. Likija la TORNADO WARNING, tonado imeonekana, kwa macho au kwenye rada, na muda wa kuendesha gari huenda haupo. Wafundisheni watoto maneno hayo mawili kama yalivyo, kwa sababu ujumbe hauji kwa Kiswahili.

Baba_Amani
Mama kasema yote ya msingi. Naongeza la simu. Wengi wetu tunafanya kazi usiku na kulala mchana, tunazima tahadhari kwenye mipangilio kwa sababu ya kelele. Tafadhali ziwasheni leo. Ving'ora vya mjini vimewekwa kwa ajili ya watu walio nje, ukiwa umelala umefunga madirisha usivitegemee. Nunueni na redio ya hali ya hewa yenye betri, kwa maana umeme ndio unaotangulia kwenda. Na msiseme Desemba ikipita tumepona: London, Kentucky hii hii, walipigwa na EF4 Mei 2025, na yenyewe usiku.

Mgeni_KY
Mungu awabariki. Nimeshaongea na mama wa chini, kakubali. Swali moja: ikinikuta barabarani nikitoka kazini?

Baba_Amani
Usijifiche chini ya daraja, upepo unabana pale na vitu vinaruka kama risasi. Ingia jengo imara lililo karibu, hata kituo cha mafuta, nenda moja kwa moja chooni. Kama hakuna jengo na imeshafika, funga mkanda, inamisha kichwa chini ya usawa wa kioo, ukifunike kwa mikono au koti.