Kwadi inagonga chini nikiondoka na nikiachia mafuta, fundi anasema difu imekufa. Nianzie wapi?

Kwadi_Nungwi

Wakuu heshima kwenu. Nina kwadi (pikipiki ya matairi manne) ya cc 700, ya mkanda, ina foowili (inavuta tairi zote nne), inapiga kazi huku Nungwi, Zanzibar, kupeleka wageni vijiji vya ndani. Njia zetu mnazijua, vumbi na mawe ya matumbawe, na wageni wengine wanalazimisha tupite ufukweni maji yakitoka.

Sasa imeanza kelele siielewi. Nikiondoka inatoa "ko!" moja chini ya kiti, ikishachanganya kuna kri-kri-kri inayokwenda na mwendo, nikiachia mafuta ghafla "ko!" nyingine. Kwenye 40 hivi kuna mtetemo nausikia miguuni pale pa kukanyagia. Nikikata kona haibadiliki. Nikiweka foowili naona kama inazidi ila sina uhakika maana ninakoweka foowili ni kwenye mawe, kila kitu kinapiga kelele.

Fundi wa huku kaiendesha mpaka barabarani na kurudi, hata kuinyanyua hakuinyanyua, kasema difu ya nyuma (boksi la gia linalopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma) imekufa niagize nzima. Bei yake acha tu. Kabla sijatoa hela naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Bisibisi Sikioni

Mkuu shikilia hela yako kwanza. Difu ikifa mara nyingi inavuma au inasaga, na oili yake inakwambia. Hiyo "ko" ya kuondoka na kuachia mafuta ni kitu chenye uwazi kati ya giaboksi na tairi, yaani upande mmoja unazunguka kidogo ndo unaukuta mwenzake. Inaweza kuwa kros ya propela (jointi ya msalaba kwenye shafti inayotoka giaboksi kwenda difu), meno ya shafti yaliyokauka grisi, nati ya habu iliyolegea, au kweli meno ya difu, lakini huanzi na cha bei mbaya.

Kwanza itenganishe kelele. Weka frii (gia haijaingia) ikiwa imesimama, vuta mafuta. Mkanda na puli zake zinazunguka hata ukiwa frii, kwahiyo kama kelele ipo hapo basi shida iko kwenye mkanda au injini na difu haihusiki kabisa. Kama kimya, tafuta mteremko usio na watu, zima injini, weka frii, iache ishuke yenyewe mkono ukiwa kwenye breki. Kri-kri ikibaki ujue iko kuanzia giaboksi kwenda kwenye tairi.

Afu inyanyue. Tafadhali weka stendi au magogo, jeki peke yake hapana. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta, ikicheza ni beringi au boljointi, mwambie mtu aangalie kinachocheza ni kipi. Halafu shika propela kwa mkono mmoja na ulimi wa difu (pale propela inapoingia) kwa mkono wa pili uzisokote kinyume, kros nzima haina mchezo hata kidogo. Usiwashe ukaweka gia tairi zikining'inia afu ukaja hapa kusema umesikia CV joint (jointi ya eksoli), maana tairi zikining'inia zile jointi zinakaa kwenye pembe kali na zinagonga hata zikiwa mpya, nimeona watu wananunua eksoli nzima kwa kelele hiyo.

Oili ya difu imwage kwenye chombo cheupe. Kwenye sumaku ya boliti ukikuta ute wa kijivu laini, kawaida. Ukikuta vipande vinavyokwaruza kidole, hapo sasa ndo fundi wako ana hoja. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, angalia sili na ule mpira wa kupumulia kama umeziba.

Mzee wa Upepo

Hapo kwenye foowili kuzidi, tairi zote nne ni saizi moja na zimelika sawa? Upepo je? Wengi wanajaza psi nyingi kama za pikipiki wakati kwadi nyingi ni psi 5 mpaka 7, soma stika. Mbele na nyuma zikitofautiana mzunguko, foowili inapigana yenyewe kwa yenyewe, na kwenye lami ndo mbaya zaidi kwa sababu hakuna mchanga wa tairi kuteleza. Dk 10 na geji unajua, unaanza kufungua difu ya nini.

Shamba ya Naivasha

Boss pole sana. Sisi tuko nazo kwa shamba huku za kuangalia mifereji na yetu ilikuwa inavuma mbaya tukadhani ni difu pia, kumbe ni wheel beringi. Vile tulijua, tulinyanyua ile tairi, mmoja anazungusha na mkono, mwingine ameweka vidole kwa spring. Kama beringi imeisha utasikia ule mkwaruzo unapanda kwa vidole hata kama masikio hayasikii kitu. Uliza pia hao vijana wanaosha wanatumia mashine ya presha aje, ukielekeza kwa sili kila jioni maji lazima iingie. Ukinunua ingine soma namba imeandikwa kwa beringi yenyewe na uitishe yenye 2RS, hiyo ina raba pande zote mbili.

Lakini yako inagonga, haivumi, so mimi niko na huyo wa kros.

Kwadi_Nungwi

Mrejesho wakuu.

Frii ikiwa imesimama, kimya kabisa. Mteremkoni injini imezimwa kri-kri ipo vilevile, "ko" haipo. Tairi zote saizi moja ila upepo wa mbele ulikuwa mkali kupita kiasi, nimeushusha, na beringi zote hazina mchezo wala mkwaruzo. Oili ya difu nyeusi kidogo basi, sumaku ina ule ute laini tu.

Nimelala chini na tochi. Kros ya propela ya nyuma, ile inayoingia kwenye difu, vikombe vyake vitatu (vya beringi kwenye ncha za msalaba) vina vumbi la kawaida, cha nne kina unga mwekundu wa kutu umemwagika mpaka kwenye ulimi, ukigusa unabaki kwenye kidole. Nikisokota kinacheza na sauti ndo ileile "ko" ila ndogo. Nipo (kichuchu cha kutilia grisi) haina. Dukani mjini wanasema kros haiuzwi peke yake ninunue propela nzima, kweli hii?

Bisibisi Sikioni

Huo unga mwekundu ndo jibu mkuu, maji ya chumvi yaliingia, grisi ikaisha, sindano za beringi ndani ya kikombe zinasagana na kutu. Difu iache.

Kros peke yake mara nyingi inapatikana ila usiulize kwa jina la kwadi, watakwambia hakuna. Itoe, pima kwa venia (kile kipimio cha taya) kipenyo cha kikombe na urefu toka mgongo wa kikombe mpaka mgongo wa kikombe cha upande wa pili, angalia klipu zinakaa ndani au nje, afu peleka vipimo kwenye maduka ya beringi. Kama una mtu Dar mtume kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani na ile mbovu mkononi.

Kabla hujafungua piga alama ya rangi kwenye propela na ulimi virudi palepale, ukiikosea mtetemo utabaki na utailaumu kros mpya. Kwadi nyingi itabidi ulegeze difu irudi nyuma ndo propela itoke. Vikombe visukume kwa vaisi na soketi, nyundo inapinda masikio ya propela yanayoshika vikombe. Na sindano, jamani, moja ikilala chini ya kikombe hakifiki mwisho na klipu haiingii, usilazimishe, fungua uipange. Meno ya shafti yapake grisi ukiwa umeshafika hapo.

Kagua na ya mbele. Kwadi nyingi propela ya mbele inazunguka hata ukiwa tuwili (zinavuta tairi za nyuma tu), kinachoachia ni huko kwenye difu ya mbele, kwahiyo kama imekunywa maji yaleyale isikudanganye kwamba huitumii. Na ukipata kros yenye nipo, igeuze nipo iangalie sehemu ambayo bomba la grisi litafika, wengine wanaifunga imetazama fremu afu kuitia grisi mpaka difu ishuke tena.