Bonasi ya kuongeza mkataba katika Jeshi la Majini la Marekani: inakokotolewaje, na mbona makato ya kodi ni makubwa?

Baharia wa Norfolk (swali)

Ndugu zangu mlioko jeshini na mliostaafu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni baharia wa ngazi ya E-5 (askari asiye afisa), nimetumikia miaka mitano na nusu, na mkataba wangu wa kwanza umebakiza miezi sita. Nataka kusaini miaka minne mingine. Mshahara wangu wa msingi, kwa hesabu ya mviringo, ni dola 3,500 kwa mwezi, na kizidishi (namba ya kuzidishia bonasi) kilichotangazwa kwa fani yangu ni 2. Nilipozidisha mwenyewe nilipata dola 28,000, lakini mshauri wetu wa ajira melini ameniambia kuwa ni 24,500, na kwamba nusu tu ndiyo italipwa mwanzoni, tena ikiwa imekatwa asilimia 22. Mke wangu bado anasoma na hana kipato, kwa hiyo fedha hizi tulikwisha kuzipangia kazi. Je, hesabu ya mshauri ni sahihi? Na kwa nini bonasi itozwe kodi kubwa kuliko mshahara? Niongeze kwamba makazi yangu ya kisheria ni Texas, na kwamba meli yetu inatarajiwa kuingia Bahari ya Shamu baada ya miezi mitatu.

Mama Neema

Mdogo wangu, mshauri wako yuko sahihi. Katika Jeshi la Majini, kinachozidishwa si miaka unayosaini bali miezi mipya unayoongeza juu ya ile ambayo tayari unadaiwa. Ukisaini leo miezi 48 huku mkataba wa zamani ukiwa na miezi 6, unabaki na 42, na 3,500 mara 42, gawanya kwa 12, kisha zidisha kwa 2, ni 24,500 kamili. Posho ya makazi na posho ya chakula haziingii kabisa katika hesabu hiyo. Usilinganishe pia na rafiki aliye katika Jeshi la Nchi Kavu, maana kule hutumia majedwali ya kiasi maalumu kulingana na cheo, fani na urefu wa mkataba, wala hawatumii kanuni hii.

Kuhusu kodi, nimewajazia askari wengi ritani zao za kodi, na hili ndilo linaloumiza watu bure: asilimia 22 si kodi ya bonasi, ni kodi ya zuio, yaani fedha inayokatwa mapema kabla kodi halisi haijajulikana. Serikali ya shirikisho huiweka bonasi katika kundi la malipo ya nyongeza, na mwajiri huruhusiwa kuyakata kwa kiwango kimoja bila kuangalia hali ya familia yako. Kodi yenyewe hujulikana unapojaza fomu 1040, yaani ritani ya mwaka, ambako bonasi huchanganywa na mshahara na kutozwa kwa ngazi zile zile.

Tuchukue viwango vya mwaka 2024 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Mshahara wa msingi wa mwaka mzima ni 42,000; ukiondoa punguzo la kawaida la 29,200, kinachotozwa kodi ni 12,800. Nusu ya kwanza ya bonasi, yaani 12,250, inakupandisha hadi 25,050. Ngazi ya asilimia 10 iliishia 23,200, kwa hiyo dola 10,400 za bonasi zinatozwa asilimia 10 na 1,850 zilizobaki asilimia 12, jumla dola 1,262. Wao watakuwa wamekuzuilia 2,695. Tofauti ya dola 1,433 ni yako, na utarudishiwa ukijaza ritani. Tafadhali usiichukulie kama zawadi ya serikali. Ni fedha yako iliyokaa kwao.

Jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha: bonasi ya askari haikatwi michango ya Hifadhi ya Jamii wala Medicare (bima ya afya ya wazee), kwa sababu sheria inahesabu mshahara wa msingi peke yake kwa michango hiyo. Na kwa kuwa makazi yako ya kisheria ni Texas, jimbo lisilotoza kodi ya mapato, Virginia, iliko Norfolk, haina haki ya kuitoza bonasi yako ati kwa kuwa umepangiwa kazi huko.

Mstaafu wa Lemonnier

Kaka, umeitaja Bahari ya Shamu kama jambo la kando, kumbe ndilo kubwa kuliko yote. Bahari hiyo, pamoja na Ghuba ya Uajemi, Ghuba ya Oman na Ghuba ya Aden, iliwekwa katika eneo la mapigano kwa amri ya rais ya mwaka 1991. Askari asiye afisa akisaini mkataba mpya katika mwezi ambao ametumikia ndani ya eneo hilo, hata kama ni siku moja tu ya mwezi huo, bonasi yote haitozwi kodi ya mapato ya shirikisho, pamoja na sehemu zitakazolipwa miaka inayofuata akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Kinachotazamwa ni mwezi wa kusaini, si mwezi wa kupokea. Mimi nilisaini nikiwa Djibouti, ambako askari walipewa msamaha huo kwa kusaidia operesheni za eneo la mapigano, na malipo yangu ya mwisho yaliingia miaka mitatu baadaye bila kukatwa hata senti ya kodi.

Ukisubiri miezi mitatu, mkataba wa zamani utakuwa umebaki miezi mitatu, kwa hiyo miezi mipya inakuwa 45 na bonasi inapanda hadi 26,250. Lakini pima hatari. Kizidishi hubadilishwa kwa tangazo, na ratiba za meli huahirishwa. Vilevile, ukivuka miaka sita ya utumishi unatoka ukanda A (kundi la wenye utumishi usiozidi miaka sita) na kuingia ukanda B, ambao una kizidishi chake, na fani nyingine hazina kitu huko. Kwa hiyo muulize mshauri wako mambo mawili: kama kuna tetesi za kupunguza kizidishi, na kama anaweza kukuandalia karatasi mapema ili usaini mara tu meli inapoingia. Ukifanikiwa, kagua kisanduku cha 1 cha fomu W-2 (taarifa ya mapato na kodi iliyozuiliwa) kila mwaka; bonasi hiyo isionekane humo.

Baharia wa Norfolk

Dada na kaka, ahsanteni sana. Mke wangu amesoma hesabu hizi pamoja nami mstari kwa mstari. Je, ninaweza kuielekeza sehemu ya bonasi kwenye TSP, mpango wa akiba ya kustaafu wa serikali ya shirikisho? Na ikitokea nisimalize mkataba?

Mama Neema

Unaweza, mradi tayari unachangia kutoka mshahara wa msingi. Chagua asilimia kabla malipo hayajaingia, na kumbuka kuwa serikali huongeza mchango wake kwa mshahara wa msingi tu. Bonasi ya eneo la mapigano ikiingia upande wa Roth, ambao kwa kawaida huwekwa fedha iliyokwisha kutozwa kodi, ni bora zaidi, kwani haijatozwa kodi ikiingia, na masharti ya kuitoa yakitimia, haitozwi ikitoka.

Usipomaliza mkataba, sehemu ya bonasi ambayo hujaitumikia inaweza kudaiwa. Ikidaiwa katika mwaka mwingine wa kodi, utadaiwa kiasi kizima, pamoja na ile kodi iliyozuiliwa ambayo hukuishika mkononi. Hapo, kwa marejesho yanayozidi dola 3,000, utaidai nafuu mwenyewe kwenye ritani: sheria inakuruhusu kuchagua kati ya punguzo la kipato na nafuu inayokatwa moja kwa moja kwenye kodi. Kwa hiyo tunzeni ile W-2 ya mwaka wa malipo hadi mkataba uishe.