Michenzani, Fumba au kiwanja cha Tomondo: wapi nihamie na familia?

Mwana_wa_Mkoani
Assalaam alaykum jamaa. Mwisho wa mwaka narudi nyumbani Zanzibar baada ya kufanya kazi Dar es Salaam kwa muda mrefu. Nakuja na mke wangu, watoto watatu wa skuli na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Nina njia tatu. Binamu yangu anahama na yuko tayari kuniachia fleti yake Michenzani, ghorofa ya nne. Fumba Town kuna fleti ya chini inauzwa. Na Tomondo kuna mzee anauza kiwanja. Bei zote ninazo, na kwa kujibana naweza yoyote kati ya hizo. Ninachotaka kujua ni mtaa wenyewe: ulipangwaje, nani anautunza, na maisha yake ya kila siku yakoje.

BintiKikwajuni
Waalaykum salaam kaka. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba za maendeleo za Kikwajuni na nimeolewa Michenzani, kwa hiyo niachie hapo.

Majumba yale hayakuota tu. Mapinduzi yalipofanyika Januari 1964, Zanzibar ikawa nchi ya mwanzo Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na Wajerumani wale wakaja na msaada wa nyumba. Walianza Kikwajuni na Kilimani, kwa majengo ya kiasi yenye nafasi ya kupumua baina yake. Mwaka 1968 mtaalamu wao Hubert Scholz akachora mpango wa mji mzima, na Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ikapasuliwa kwa barabara mbili pana zinazokutana Michenzani. Kandokando yake yakapangwa majumba kumi marefu, yale tunayoyaita treni. Nyumba za udongo na makuti za wazee wetu zilivunjwa kuyapisha. Mzee Karume aliuawa Aprili 1972 na kazi bado haijesha, ikaendelea miaka mingi baadaye. Mimi simlaumu. Alitaka mchukuzi na mkulima walale penye umeme, bomba na choo cha ndani, na waliovunjiwa walipewa fleti bila ya kutoa hata senti.

Tatizo likaja hapo hapo kwenye "bila ya kutoa". Nyumba ilitolewa, lakini mfuko wa kuitunza haukuwekwa. Paa likivuja wa juu anasema si langu peke yangu, wa chini anasema halinifikii. Sisi kwenye ngazi yetu tunachangishana kila mwezi: taa, mfagiaji na mota ya kupandishia maji. Ngazi ya pili yake hawachangi, na ukipanda usiku unapapasa ukuta mpaka juu.

Raha yake pia niseme. Sokoni Darajani unakwenda kwa miguu. Maduka yako chini ya nyumba. Watoto wanakwenda skuli bila ya kupanda gari. Mtu akifiwa, kabla ya adhuhuri watu wameshajaa na sufuria ziko jikoni. Ila kaka, ghorofa ya nne na hakuna lifti? Mama yako atapanda siku ya kuhamia, na kushuka itakuwa kwa hospitali tu. Muonee huruma.

Mzee_RahaLeo
Binti amesema vizuri, naongeza kidogo. Ng'ambo ilishapangwa kabla ya Wajerumani. Mwingereza Lanchester alitoa mpango wake 1923, na Kendall akaja na wake 1958. Raha Leo yenyewe na ukumbi wake ni kazi ya ukoloni ya miaka ya 1940, walipotaka Ng'ambo iwe na kitovu chake. Kila mpango uliwaona watu wa Ng'ambo kama jambo la kusafishwa. Ule wa 1968 ndio uliojenga nyumba nyingi kwa ajili yao, hilo lazima lisemwe.

JiraniWaNyamanzi
Nazungumzia Fumba kwa sababu ndiko nilikopanga. Eneo lile lilitangazwa kuwa ukanda huru wa uchumi tangu 1992, lakini kwa miaka lilibaki vichaka na mawe. Ardhi yake ni ya maweni, udongo mchache. Fumba Town ilianza kujengwa 2015 na kampuni ya CPS upande wa Nyamanzi, kwenye hekta zipatazo 60 kando ya bahari. Bustani zake zimepandwa kwa utaratibu maalumu: majani na taka za jikoni zinageuzwa mbolea, na pale palipokuwa mwamba mtupu sasa kuna mipapai na migomba. Hilo nimeliona kwa macho na limenifurahisha kweli.

Kuhusu umiliki, elewa kwamba Zanzibar ardhi yote ni ya umma. Unachopata ni haki ya kutumia kwa mkataba wa muda mrefu, na fleti ndani ya jengo inasimamiwa na sheria ya kondominio ya 2010, yaani ya jengo moja lenye wamiliki wengi. Usome mkataba wote na mwanasheria wako mwenyewe. Halafu kuna ada ya kila mwezi ya huduma: ulinzi, taka, bustani, taa za njiani. Hiyo haina mwisho, iingize kwenye hesabu zako kama unavyoingiza ada ya skuli.

Mtaa ni mtulivu, watoto wanaendesha baiskeli hadi magharibi. Lakini majirani ni mchanganyiko, na wengine huja kwa msimu tu. Mke wangu alikaa muda hajapata wa kubisha hodi kwake. Na ukiwa na kazi mjini, asubuhi na jioni utaisikia ile njia.

BintiKikwajuni
Hiyo ada unayoilalamikia, jirani yangu, ndiyo tuliyoikosa sisi. Ingekuwepo Michenzani tangu mwanzo, hata ndogo, majumba yale yasingechakaa namna ile.

JiraniWaNyamanzi
Silalamiki dada, namwambia tu ajue. Kwenu mnachanga na mnaamua wenyewe. Kwetu inaamuliwa na inatujia kwenye karatasi.

FundiWaTomondo
Kiwanja cha Tomondo. Mimi najenga huku, nitasema wazi.

Baada ya Mapinduzi serikali iligawa mashamba ya eka tatu tatu kwa wakulima. Mji ulipokua, hizo eka zikaanza kukatwa na kuuzwa vipande vipande, huku mpango wa 1982 uliochorwa na Wachina ukibaki nyuma ya watu. Ndio maana maeneo mengi ya huku, Fuoni na Mwera pia, kila mtu amejenga mpaka mwisho wa mpaka wake. Gari ya mchanga haipiti, ya zimamoto usiulize. Karo la mmoja liko karibu na kisima cha mwengine. Mtaro hakuna, kwa hiyo maji ya masika yanachagua yenyewe pa kwenda.

Sisemi usinunue. Nenda mvua ikiwa inanyesha na viatu vya plastiki, simama katikati ya kiwanja uangalie maji yanatoka wapi. Kisha muone sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na Kamisheni ya Ardhi uhakikishe karatasi. Ukiridhika, utakuwa na ua wako, mama yako atakaa kwenye baraza bila ya ngazi hata moja.

Mpemba_Madungu
Jamaa, Pemba hamtaji? Nyumba za maendeleo zilijengwa pia Madungu hapa Chake Chake, na kule Unguja zikafika hadi Makunduchi na Bambi. Kwetu majengo ni machache na tunajuana wote, hata kuchangishana ni rahisi. Kaka, jina lako linasema Mkoani. Fikiria kurudi kabisa.

Mwana_wa_Mkoani
Mpemba mwenzangu, moyo unataka, lakini kazi ya mke wangu iko mjini. Ghorofa ya nne nimeifuta, Binti umenifungua macho. Nauliza: fleti ya chini Kikwajuni au Kilimani inapatikana? Ada ya Fumba naiona nzito kwa sasa.

BintiKikwajuni
Hupatikana, ila usichukue kienyeji kwa mtu. Nenda Shirika la Nyumba kwanza ujue fleti iko kwa jina la nani na kama anaruhusiwa kukupangisha. Halafu gonga mlango wa ngazi ile ile, uliza wanachanga kiasi gani na nani anashika pesa. Wakikwambia hawachangi, tafuta ngazi nyengine. Na bomba la maji machafu la ghorofa za juu linapita nyuma ya jiko la fleti ya chini, likague na fundi kabla hujasaini.