Mrejesho: hasira zangu za jioni na ADHD

Assalam aleikum ndugu zangu. Miezi miwili iliyopita niliwauliza nifanyeje: nina ADHD (hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia, kuzingatia na kujizuia), na kila nikirudi nyumbani kutoka karakana hapa Langoni, Lamu, nawafokea mke na watoto kwa jambo dogo, hadi siku moja nikavunja bilauri mbele yao. Ahsanteni sana mlionijibu.

Kuhesabu hadi kumi hakukunisaidia; nikifika tatu maneno yashatoka. Kilichonifaa ni ushauri wa dada aliyeniambia niangalie saa, hasira hupanda wakati gani. Daktari alinieleza kuwa methilifenideti, dawa ya ADHD ninayotumia, ni ile ya muda mfupi, hufanya kazi kwa saa 3 hadi 4 hivi, na ikiisha nguvu ghadhabu huweza kupanda. Akanipangia upya nyakati za kumeza. Pia sasa nakula kitu kabla sijaingia nyumbani, na mke wangu akisema "pwani", neno letu la ishara, naondoka bila kujibu, natembea njia ya Shela mpaka moyo utulie. Mwanzo niliona ni kukimbia. Sivyo, maana narudi na tunazungumza.

Haijaisha. Juma lililopita nilimfokea kijana ninayemfundisha useremala, mbele ya mteja. Nilimwomba radhi siku hiyo hiyo, ila bado ananiogopa, na hilo linaniuma.