"RUN = KIMBIA": Walimu na wachapishaji wa vitabu vya Kiingereza, mnawaonea watoto wetu

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa hasira na sitaki kuificha. Nimechoka kuona watoto wakiandikiwa ubaoni "run = kimbia", darasa zima linaimba "run, ran, run", kengele inalia, somo limekwisha. Miaka michache baadaye watoto walewale wanakatwa maksi kwa sababu wameamini walichofundishwa. Halafu tunakaa vibarazani tunalalamika kwamba kizazi hiki hakijui Kiingereza.

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilipofika kwenye kitenzi hiki katika kazi yake ya kuandikwa upya, mhariri wake mmoja, Peter Gilliver, alikaa nacho kiasi cha miezi tisa. Alipomaliza, maana zilikuwa 645. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, kitenzi kilichoongoza kwa urefu kilikuwa "set", chenye maana 430 bila kuhesabu misemo yake. Mwaka 2000 "make" ikaipita, 2007 ikaja "put", na 2011 "run" ikazipita zote. Sasa neno kama hilo, ambalo aliyezaliwa nalo amelifanyia kazi miezi tisa, sisi tunalimaliza kwa alama ya sawasawa na neno moja la Kiswahili!

Simtaki mtoto wa darasa la tano ajue maana 645. Hakuna anayezihitaji zote. Ninachodai ni kwamba asidanganywe kuwa iko moja.

Kilichonifikisha hapa ni daftari la binti wa dada yangu, yuko kidato cha kwanza. Zoezi la ufahamu, kuna sentensi inasema "The shop was run by her aunt." Swali: nani alikuwa msimamizi wa duka? Mtoto akajibu kwamba habari haisemi, kwa sababu shangazi alilikimbia duka. Mwalimu kaweka kosa kubwa la kalamu nyekundu, na chini yake kaandika "Read carefully!" Basi. Hakuna maelezo, hakuna sahihisho.

Mimi nasema mtoto huyo alisoma kwa makini kuliko mwalimu alivyosahihisha. Ameambiwa run ni kimbia. Kwa Kiswahili chake cha nyumbani anajua maana ya mtu kulikimbia duka: ameliacha, ametoroka, pengine kwa madeni. Akaiona sentensi, akaunganisha anachojua, akafika alikopelekwa. Akili yake ilifanya kazi barabara. Alichopewa kuanzia nacho ndicho kilikuwa kibovu, na aliyempa ndiye aliyemwekea kosa.

Hapo ndipo pananiuma zaidi, maana "kimbia" yetu na "run" yao hazina hata moyo mmoja. Kukimbia kwa Kiswahili mara nyingi kuna hofu ndani yake. Angalia ukoo wa neno lenyewe: mkimbizi, kimbilio, kukimbia vita, kukimbia deni, mtu kaikimbia ndoa yake. Kuna kitu nyuma kinachokutisha, nawe unajiondoa. Anayekwenda kasi bila hofu tunaweza pia kusema anapiga mbio.

"Run" ya Kiingereza asili yake inanukia maji. Kiingereza cha kale kilikuwa na "rinnan", na ndugu yake yupo hadi leo kwenye Kijerumani, "rinnen", maana yake kutiririka, kuchuruzika. Mtu akishalijua hilo, nusu ya maana zinazowatesa watoto zinajipanga zenyewe. Mto "runs", yaani unapita, unatiririka. Pua "runs", kamasi zinachuruzika. Khanga mpya ukiifua pamoja na shati jeupe rangi "runs", inachuja. Bomba limeachwa "running", halikufungwa. Hakuna miguu hapo, hakuna woga wala mashindano. Ni kitu kinakwenda bila kukatika.

Kutoka hapo panda hatua moja: chochote kinachoendelea bila kukatika. Injini "is running", iko inawaka. Mabasi "run" kati ya Dar es Salaam na Morogoro, yanafanya safari. Barabara "runs" kandokando ya pwani, inapita huko, na barabara haijawahi kuondoka ilipo. Mkataba "runs for two years", muda wake ni miaka miwili. Ugonjwa "runs in the family", uko kwenye ukoo. Kisha panda hatua ya tatu: mtu anayekifanya kitu hicho kiendelee. Ndipo unapompata shangazi na duka lake! Ana-"run" duka, analiendesha. Hoteli inaendeshwa, shule inaendeshwa, programu ya kompyuta inaendeshwa. Na hatua hizi zilizidi kuzaa kila kilipozuka chombo kipya: treni, kiwanda, gari, kompyuta, kila kimoja kikaja na maana yake, ndiyo maana neno limevimba kiasi kile.

Hatua tatu. Kutiririka, kuendelea, kuendesha. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha. Nani amewazuia?

Na kuna vile vineno vidogo vinavyoganda nyuma ya kitenzi, ambavyo watoto wanaambiwa "hivyo kariri tu". Kwa nini wakariri wakati lugha yao wenyewe ina mlango wa kuingilia? Sisi tunabadilisha mwisho wa kitenzi: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Mzizi mmoja, lakini anayekimbilia na anayekimbiza si mtu mmoja, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayewachanganya. Waingereza kazi hiyo wanaifanya kwa kuongeza neno pembeni. "Run to" ni kimbilia, "run after" ni kimbiza, "run away" ni toroka. Mtoto akiona kwamba mambo hayo anayajua tangu akiwa na miaka mitatu, hata zile ngumu atazikabili: "run out of sugar", sukari imetuishia; "run into" rafiki, kukutana naye bila kutarajia; "run up" deni, kulilimbikiza; gari "ran over" mbwa, limemkanyaga. Lakini hapana, tunawapa orodha ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani.

Mtu atasema haya ni mambo ya darasani tu, mtoto akikosa maksi mbili hafi. Jenereta zinauzwa mitaani kila kona tangu tulipozoea mgao wa umeme. Kwenye maelezo yake kuna onyo: "Never run the generator indoors." Maana yake usiiwashe ikafanya kazi ndani ya nyumba, kwa sababu moshi wake una karboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Aliyefundishwa kimbia peke yake akisoma pale anaona nini? Usiikimbize jenereta? Ataliruka onyo kwa sababu halimwambii kitu. Au mtoto ameungua na uji wa moto, mama anafungua simu kutafuta msaada, anasoma "run cool water over the burn." Wanataka amwagie maji ya baridi yanayotiririka, na ushauri wa kitabibu ni aendelee hata dakika 20. Neno linalobeba maana ya kutiririka na kuendelea ndilo hilohilo alilofundishwa vibaya akiwa darasani.

Sheria nayo iko hivyohivyo. Ni kweli mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, na niliifurahia siku ile. Lakini mikataba mingi ya ajira na ya mikopo watu wanayosaini bado imeandikwa Kiingereza. "Interest shall run from the date of default": riba itaanza kuhesabiwa tangu siku uliyoshindwa kulipa. "Time begins to run": muda wa kufungua shauri umeanza kuhesabika, na ukiisha kwa kawaida mlango umefungwa, hata uwe na haki kiasi gani. Mtu aliyemaliza kidato cha nne na cheti chake anasoma sentensi hiyo, na hajui kwamba imemwambia jambo linaloweza kumpotezea kiwanja.

Kwenye masomo ya biashara na uchumi wanafunzi wanakutana na "bank run". Nimeona maelezo ya tuisheni yaliyoandikwa eti ni hali ya wateja "kuikimbia benki". Nusu tu ya ukweli, na nusu inayokosekana ndiyo yenye somo. Septemba 2007 kule Uingereza watu waliposikia kwamba benki ya Northern Rock imeomba msaada wa Benki Kuu, waliikimbilia. Walipanga foleni nje ya matawi kutoa akiba zao, na kadiri walivyozidi kuikimbilia ndivyo fedha zilivyozidi kutoka. Tofauti ya silabi moja, kimbia na kimbilia, inaeleza tukio zima. Kiswahili kina uwezo wa kulisema jambo hilo kwa usahihi kuliko Kiingereza chenyewe, halafu tunakitumia kama kitambaa cha kufutia ubao.

Mnaosambaza video zenye tafsiri za mashine zilizoandikwa chini ya picha, nanyi mnahusika. Kila uchaguzi wa Marekani ukifika tunasomeshwa kwamba fulani "anakimbia kwa ajili ya rais". Tuna "gombea", tuna "wania". Aliyetupa "mgombea mwenza" kwa ajili ya "running mate" alijiuliza watu hao wanafanya nini, akalitaja wanalolifanya, wala hakuhangaika na miguu yao. Akili ileile ndiyo ninayoidai darasani.

Najua yupo atakayekuja kusema "mbona hata piga yetu ina maana kibao". Ndiyo, inazo: piga simu, piga pasi, piga kura, piga picha, piga deki. Lakini nitafutie mwalimu anayefundisha wageni Kiswahili anayeandika "piga" ni sawasawa na kuchapa, akafunga somo. Hayupo. Mgeni anapewa piga simu na piga picha mapema kabisa, kwa sababu mwalimu wake anajua bila hivyo atapotea mjini. Mgeni aliyekuja miezi mitatu kutalii anaheshimiwa hivyo. Mtoto wetu, ambaye akivuka tu kwenda sekondari atasomeshwa Fizikia, Jiografia na Baiolojia kwa Kiingereza, na mtihani wa kidato cha nne utaamua maisha yake kwa lugha hiyohiyo, anapewa neno moja na alama ya sawasawa.

Na msinieleze habari za kamusi. Kamusi ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili ipo, na ni kazi ya kuheshimiwa, lakini ni mtoto gani wa shule ya kata anaimiliki? Kitabu cha kiada ndicho anachokiona, na mara nyingi kwa zamu. Kama kitabu hicho nyuma kina orodha ya maneno yenye tafsiri mojamoja, basi kwa mtoto yule huo ndio ulimwengu wote wa Kiingereza.

Madarasa yamejaa, naelewa, na mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya mia hawezi kukaa na kila daftari. Hilo ni la serikali, tulipigie kelele kwenye uzi wake. Lakini kuandika ubaoni "The river runs to the sea", "My uncle runs a garage" na "The bus runs on Sundays", kisha kuuliza darasa sisi kwetu tungesemaje, hakuhitaji bajeti. Watoto watajibu wenyewe: unaelekea, anaendesha, linafanya safari. Watatoa vitenzi vitatu vya Kiswahili kwa kimoja cha Kiingereza, na hawatasahau tena. Wachapishaji nao hawahitaji semina ya hotelini ili waondoe orodha ya tafsiri mojamoja na kuweka sentensi nne chini ya kila kitenzi kikubwa. Run, go, come, get, take, set: anzeni na hivyo tu.

Walimu wa Kiingereza mliomo humu jukwaani, nawaomba mje mjibu bila kuruka ruka. Je, kuna muhtasari wowote uliowaelekeza mfundishe kitenzi kwa maana moja? Kama upo, uwekeni hapa tuusome. Kama haupo, mnampaje mtoto kosa la jambo ambalo hamkumfundisha? Na wazazi, kama kwenye madaftari ya wanenu kuna sentensi ya "run" au "go" iliyowekewa kosa kwa namna hii, iandikeni hapa chini bila kutaja jina la shule wala la mwalimu. Nitazikusanya zote na kuwaandikia wachapishaji wa vitabu hivyo kwa jina langu halisi.

Nawasilisha.