Mama kapata kiharusi cha pili, kila akila anapaliwa. Naombeni ushauri

Habari za jioni wakuu. Mama yangu ana miaka 74, kapata kiharusi cha pili wiki tatu zilizopita. Kulia kote kumepooza, maneno hayatoki, ila macho yanatufuata na mkono wa kushoto unanishika vizuri tu. Wodini wametuambia tukamtunze nyumbani kwa tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Mimi nilijua hiyo ni ya saratani.

Kinachonitesa ni chakula. Jana uji ulimpalia mpaka midomo ikabadilika rangi. Kaka zangu wanataka arudishiwe mpira wa kulishia unaopita puani, na yeye kashauchomoa mara mbili. Tukimwacha bila mpira si tunamuua kwa njaa? Tupo Moshi vijijini.

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu. Tiba shufaa ni ya yeyote mwenye ugonjwa mzito, kiharusi kimo. Hiyo ya midomo si ndogo: usimlishe tena mpaka hospitali wamwangalie anavyomeza, piga simu leo. Wakiruhusu, uji uwe mzito, maana ule wa majimaji ndio unaokimbilia njia ya hewa. Mkalishe wima, kidevu kiiname, nusu kijiko cha chai, ameze ndipo umpe kingine. Akisinzia, acha. Asilazwe mpaka nusu saa ipite. Kaka zako wajue pia kwamba mpira hauzuii mate wala chakula kupanda na kuingia mapafuni. Akiwa na maumivu makali, waulize daktari kuhusu morfini ya maji, msiiogope, ila inafunga choo, hivyo waombe na dawa ya kulainisha.

Binti wa Kibosho: Nilimuuguza baba miezi saba. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku kwa zamu, hakupata kidonda hata kimoja. Usimnyanyue kwa kuvuta mkono uliopooza! Baba alikuwa anakunja uso tukidhani kakasirika, kumbe ni bega. Alipoacha kula kabisa, daktari alituambia mwili wenyewe umeacha kudai chakula. Tukawa tunamlowanisha midomo kwa pamba. Ilinichukua muda kukubali.

Nesi Mstaafu: Na mama mwenyewe mmemuuliza? Kukosa maneno si kukosa akili.

Mleta uzi: Asanteni sana. Hospitali wamesema tumpeleke kesho asubuhi. Nimemwambia mama anibane mkono akikubali. Nikamuuliza kama ananijua mimi nani, akabana. Nikamuuliza kama anataka mpira, mkono ukatulia. Nimerudia mara tatu. Kaka zangu wanakuja jioni, nitawaacha wamuulize wenyewe.